Jina Ambalo Sikulisoma

Tarehe kumi na mbili mwezi wa pili mwaka huu tulimzika Kabange. Kwa miaka zaidi ya ishirini alinisaidia kuchagua wachezaji hapa Kamina. Vijana waliokuja matangani waliniuliza tulianzaje, kwa maana wao timu waliikuta. Shule yangu iliishia darasa la sita, lakini nilichokifanya naweza kukiandika.

Siku ya kwanza ilikuwa Jumatatu. Kazi yangu ilikuwa kwenye reli, kugeuza chuma ili treni ipite njia hii, si ile. Timu ya zamani ya reli ilikuwa imekwisha. Wengine walifuata migodi Kolwezi, wengine magoti yaliwakataa. Mkubwa wa stesheni akaniita.

"Weye ulikuwa unacheza zamani. Nataka ekipe. Mvua ikiisha, tunacheza na Luena."

"Shefu, sina hata muntu moja."

"Bantu iko mingi humu Kamina. Enda uchague. Na usiniletee bandugu yako!"

Neno hilo la mwisho nililishika kuliko yote.

Nilipeleka habari kanisani, sokoni na kwenye kambi ya wanajeshi. Vijana walipofika, kwanza niliwavua viatu wote. Mwenye viatu vizuri anaonekana kama anacheza vizuri; mtoto wa karani alikuwa navyo, mtoto wa mkulima hakuwa navyo. Pili, sikumtazama mwenye mpira. Nilimtazama aliyenyang'anywa sasa hivi. Akishika kiuno, nilimfuta. Akiufuata, nilimwekea alama. Mwisho nilitazama kontroli, yaani jinsi mpira unavyotulia mguuni mwa mtu bila kumkimbia.

Vijana wa kambi walisemezana Lingala, wa mjini Kiluba, na hawakupeana mpira. Niliwachanganya, nikasema goli halihesabiwi kama mpira haukutoka kwa mtu wa kambi kwenda kwa mtu wa mjini, au kinyume chake. Walinung'unika wiki nzima. Wiki ya pili walikuwa wanaitana kwa majina.

Kati ya wa mjini walikuwamo mapasa, yaani mapacha, Kyungu na Kabange, wanaume wa miaka ishirini na miwili. Kyungu alifunga magoli kuliko wote. Kabange aliona uwanja vizuri, lakini alikuwa mzito.

"Kabange, treni ya mizigo!" wenzake walimpigia kelele.

"Ya mizigo njo inafikaka," aliwajibu, maana yake hiyo ndiyo hufika siku zote. "Yenu ya abiria inakwama Luena!"

Lisansi, ile karatasi yenye picha ambayo bila hiyo mwamuzi hakuruhusu kuingia uwanjani, tulipewa kumi na nane. Nikawa nimechagua wachezaji kumi na saba, ikabaki nafasi moja. Nilihitaji mguu wa kushoto. Lokwa, mtoto wa mwanajeshi, alikuwa nao. Nilisoma majina mbele ya watu, na kila niliyemsoma nilimkabidhi jezi palepale. Wa mwisho alikuwa Lokwa. Kyungu alisimama na jezi mkononi. Kando yake, Kabange mikono mitupu.

Kwetu, ukimpa mmoja wa mapasa kitu, mwenzake naye unampa siku hiyohiyo. Nilikua nikiliona jambo hilo katika kila nyumba. Nilidhani mpira uko nje yake.

Kesho yake mama yao alinifuata kazini, akaweka jezi ya Kyungu juu ya meza ya mkubwa wa stesheni.

"Muntu yako huyu anajua desturi," alimwambia mkubwa akinionyesha kwa kidole. "Anapima batoto yangu kama mihogo! Kama ni moja, basi hapana hata moja."

Alipoondoka, mkubwa alinigeukia. "Weka bote bawili. Toa ule wa kambi."

"Lokwa alishinda, shefu. Sitamutoa."

"Basi Luena wakitupiga, minyi sitakulinda."

Walitupiga matatu bila. Kyungu hakuwepo. Nilikuwa tayari kuacha timu, lakini kumfuta Lokwa sikuwa tayari.

Jumatatu Kabange alikuja peke yake.

"Papa, mama haombi nafasi. Anaomba tupate sawa. Ulimupa Kyungu nguo, minyi nikabakia vile mbele ya bantu."

"Lisansi sina."

"Nani alisema lisansi? Nipe nguo, na unipe kazi."

Nilimpelekea jezi mwenyewe hadi nyumbani, ya kitambaa kilekile, pamoja na ile ya Kyungu. Niliwakabidhi wote wawili mbele ya mama yao, nikamwomba radhi. Jumamosi Kyungu alicheza. Kabange alisimama kando yangu, na kabla ya mapumziko aliniambia kwamba beki wa kulia wa wapinzani anaogopa mpira wa juu. Tulipitia upande huo, tukafunga mara mbili.

Baadaye nilihamishiwa karakana ya reli. Mkubwa wa karakana, akitaka kujua habari ya mchezaji, alimwita Kabange kwanza, mimi nafuata. Sikuona vibaya. Alikuwa ananizidi.

Lakini hakuwahi kucheza mechi hata moja. Miaka ile lisansi ziliongezwa, na kila mara nilimpa mwingine aliyekuwa mwepesi kuliko yeye. Nilichagua sawasawa, na jambo hilo bado linaniuma. Tangu nistaafu nina muda mwingi wa kulifikiria. Wewe unayetaka kazi hii, jua kwamba orodha ikiwa ya haki bado kuna mtu anayeumizwa nayo.

Mwezi wa kwanza, Kabange akiwa mgonjwa kwake, nilimuuliza lile nililoliogopa miaka yote.

"Kama orodha ile ingekuwa yako, ungejiandika?"

Alifikiri. "Hapana, papa. Nilikuwa muzito. Ningeandika Lokwa."

Nikashusha pumzi. Hakuwa amemaliza.

"Lakini ningemuambia Kabange kwanza. Pa pembeni, sisi bawili. Kiisha njo ningesoma majina."

Nilimwambia ni kweli. Aliniomba nimsaidie kugeukia upande wa ukuta, nikamsaidia.