Ndege yangu ya betri haina kelele, na hilo nusura limuue mchungaji

Wakuu, heshima zenu. Mimi ni mzee wa Iringa, elimu yangu ya sekondari, na haya yamenikuta mwenyewe. Sipambi kitu.

Nina ndege ndogo ya betri, kiti kimoja. Naruka kwa kujifurahisha tu. Wazee wengine wanacheza bao, mimi naruka.

Kiwanja ninachotumia kiko Usangu, upande wa Mbeya. Ni nyasi tupu, ng'ombe wanalisha humo humo. Utaratibu wetu ni huu: rubani anapita juu mara moja, wachungaji wakisikia mngurumo wanaswaga mifugo pembeni, ndipo unatua. Miaka yangu yote ya ndege ya petroli nilifanya hivyo.

Asubuhi ile nikapita juu kama kawaida. Nikageuka, nikaanza kushuka.

Ng'ombe wako palepale. Katikati yao Masanja, mchungaji mzee mwenzangu, kanipa mgongo.

Wakuu, mota ya betri hailii! Nimewaringia watu kijiwe kizima kwa sifa hiyo, halafu siku yenyewe nikaisahau.

Kupaa tena haikuwezekana, chaji ilikuwa imekwisha. Hilo nalo ni langu, nilizunguka mno kuangalia mpunga wa watu.

Nikakata kulia, nikazama kwenye majaruba ya mpunga. Tope mpaka kwenye masharubu. Gurudumu la mbele likang'oka.

Masanja akaja mbio na fimbo.

"Mzee, unakuja kimya kama bundi! Ulitaka kunichinja?"

"Nisamehe, kosa ni langu."

"Hata pikipiki ya mwanangu ina honi!"

Nyumbani binti yangu Neema akasema, "Baba, basi. Uza hicho kidude, ulee wajukuu."

Ule mgongo wa Masanja bado nauona. Ningemuua mtu ambaye hata nafasi ya kukimbia sikumpa. Najuta, na nitajuta.

Lakini kuuza? Siuzi ng'o! Kilichokosea ni kichwa changu, si ndege wala umri.

Nimetengeneza gurudumu, nikafunga honi ya lori. Nikamwendea Masanja kwanza, nikapiga honi, ndege ikiwa bado chini. Ng'ombe wakatimka, yeye akashika kiuno akicheka.

"Hiyo nimeisikia, bundi. Haya, ruka."

Nilichojifunza: ukipata chombo kisicho na kelele, jiulize kwanza ni nani alikuwa anaitegemea ile kelele.

Mnaoona mzee akae chini, semeni hapa bila woga. Nitawajibu nikishatua.