Nilivyofungishwa Ramadhani na Darasa la Tatu

Nilipokuwa darasa la tatu kule Makutupora, Mwislamu darasani nilikuwa peke yangu. Baba alitutoa Kondoa kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya zabibu. Wenzangu wote walikuwa Wagogo, na jina langu kwao lilikuwa Mrangi. Nilikuwa naitikia kwa kichwa, kwa sababu kuongea kulinishinda.

Ramadhani ilipoingia, mama aliniruhusu nifunge nusu siku, kama watoto wanavyoanza. "Makande ya mchana yakija, kula," aliniambia. "Usinifie huko."

Asubuhi mwalimu aliuliza kwa nini sinywi uji. Nikasema polepole, "Nimefunga." Kiranja wetu, msichana mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, akasimama.

"Mmesikia? Mrangi kafunga! Asile mtu mbele yake!"

Mchana nikapanga foleni na sahani yangu. Kiranja akaninyang'anya.

"We! Unataka kwenda motoni?"

"Mimi..."

"Mimi nini? Waislamu wanakula jua likizama!"

Nilitaka kueleza habari ya nusu siku, lakini mimi kueleza jambo kunanichukua muda, na makande yalikuwa yanapoa. Wenzangu wakaenda kula nyuma ya darasa kwa heshima yangu. Fungu langu nalo wakaenda nalo, kwa heshima hiyohiyo.

Nikaenda bombani. Wawili wakanifuata.

"Unafanya nini?"

"Nanawa."

"Nawa. Mdomo funga."

Kipindi cha mwisho mwalimu alinitazama, akauliza, "Utaweza kweli wewe?" Kabla sijajibu, darasa zima likaitikia, "Anaweza!"

Tulipotoka wakanisindikiza, nisije nikaanguka au nikadanganya. Njiani mama mmoja aliyekuwa akivuna zabibu akaninyooshea kichala. Kiranja akawahi. "Shikamoo mama! Huyu amefunga!"

"Marahaba. Oo, pole mwanangu."

Kichala akakila kiranja, huku akiniambia kila punje ni chachu ili nisitamani.

Nyumbani mama alitupokea mlangoni. "Makande leo mlipata?"

"Sisi tumepata, mama. Huyu hajagusa kitu, hata maji. Tumemlinda!"

"Mmemlinda? Mtoto huyu anafunga nusu siku tu! Hakuwaambia?"

Wote wakanigeukia.

"Kwa nini hukusema?" akauliza kiranja.

"Mlikuwa mnasema nyinyi."

Nadhani hawakuwahi kunisikia nikitoa maneno mengi hivyo kwa mara moja. Mama alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akaenda kuniletea chakula. Kiranja akatazama jua, akanitazama mimi.

"Mama, bado kidogo tu. Tumetoka naye mbali."

Nikakubali, kwa sababu mate yenyewe yalikuwa yameisha na kubishana kunataka mate. Wakakaa na mimi uani mpaka adhana. Nilikunywa maji kikombe kizima huku wakinipigia makofi, halafu viazi vya futari wakanisaidia kuvimaliza.

Kesho yake, makande yalipofika, kiranja alipiga kelele, "Nusu siku imeisha! Mrangi kwanza!" Sahani yangu ikaja imejaa hadi inamwagika. Darasa zima likasimama kunitazama nikifungua. Nilitia kijiko mdomoni, nikashindwa kumeza kwa aibu.

"Ana nini tena huyu?" akauliza mmoja.

Safari hii sikungoja. "Mnanitazama," nikasema.

Kiranja akageuka. "Nyote, tazameni ukutani!"

Wakatazama ukutani, sahani mikononi, nami nikala.