Wembe wa Pindo la Khanga

Naona haya kulisema, lakini nitalisema. Hapa kwetu Nanyamba mtoto asiponyonya huletwa kwangu. Nainua ulimi, nikiona umeshikwa chini, nakata kwa wembe. Mama yangu alikata hivyo hivyo, ila yeye macho yake yalikuwa mazima, si kama haya yangu yenye ukungu.

Mjukuu wangu Somoe akaja na kichanga chake. Nikasema, “Huyu ana udata.”

“Bibi, twende kwanza zahanati.”

Nikanuna, nikamfuata ili nikamwumbue nesi.

Kina mama walijaa kwenye foleni. Nesi akamchungulia mtoto. “Ulimi mzima huu, bibi. Pua imeziba kwa mafua, ndiyo maana anaachia titi.”

Nikang'aka, “Nimeanza kukata wewe hujazaliwa!” Nikafungua pindo la khanga, nikamwonyesha wembe.

“Na hiki kilichoganda hapa?”

Somoe akanijibia, “Ukucha. Asubuhi alikatia kucha za miguu.”

Kucha za uzeeni, ndugu zangu, ngumu kama ganda la korosho.

Nikageukia foleni nipate wa kunitetea. Mama niliyemkatia mwanawe mwezi uliopita alikuwa anamfungua mtoto mdomo, anachungulia, hanitazami.