Banjo ya Mume Wangu

Tulikuwa watatu: mume wangu kwenye banjo, mimi kwenye gitaa na kuimba, na mwalimu mmoja wa sekondari kwenye fidla. Tulipiga kantri yetu ya Njombe, nyimbo za mashamba na za kuachana, nyingine kwa Kibena. Muziki huo mume wangu aliupata kwenye kanda za baba yake, walizokuwa wakisikiliza huku wakichambua viazi.

Mwaka juzi mashine ya kupasua mbao ilimkata vidole vitatu vya mkono wa kushoto. Hospitalini hakulia. Aliuliza tu, "Kule Lyamkena atapiga nani?"

Tulikuwa tumekubali kupiga kwenye harusi huko Lyamkena, Makambako, mwezi uliokuwa unafuata.

"Tutawaambia hatuendi," nikasema.

"Ukifanya hivyo nitajua umeshanizika."

Mwalimu akampata fundi baiskeli mmoja wa Mdandu aliyejua kidogo banjo. Mume wangu alimkabidhi ya kwake, akamfundisha nyimbo zetu pale sebuleni, mkono ukiwa na bandeji, akimwimbia kila mlio kwa mdomo. Mimi nilikuwa jikoni nasonga ugali. Nikashindwa kuendelea, nikaepua sufuria.

Harusini tulipiga vizuri. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Bibi harusi alivua viatu akacheza, na mimi katikati ya wimbo wa tatu nikajikuta nimefurahi. Nilikuwa nimemsahau mume wangu.

Niliporudi akataka kusikia. Nikamwekea tulivyorekodi kwenye simu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Umecheka hapo, kabla ya kiitikio."

"Nimecheka?"

"Umecheka. Humu ndani siku hizi hucheki."

Tangu siku hiyo, kila nikishika gitaa, yeye alikuwa anatoka kwenda kuangalia miparachichi. Hatukugombana, laiti tungegombana. Jumapili moja, baada ya ibada, alifungasha nguo zake akaniambia anarudi kwa mama yake, Lupembe, akasaidie shamba la chai.

"Chai hata vidole saba vinachuma," akasema, akijaribu kutabasamu.

Nimekwenda kumwona mara mbili. Mara ya kwanza tulilia wote. Mara ya pili alisimama mlangoni, akanisalimia kwa Kibena, "Kamwene, mgeni," akanisogezea kiti, kisha akaenda kumwita mama yake aje azungumze nami.