Bi Waya na hofu ya diski za boksi moja

Saa tatu kasoro robo asubuhi, mwanamke aliyevaa sweta mbili anashika waya wa umeme. Anafumba macho, midomo inacheza bila sauti. Kisha anauchomoa.

Seva iliyo mezani inazimika katikati ya kazi. Mvumo wa feni unafifia, kimya kinatanda. Mwanamke anarudisha waya ukutani, mashine inaamka na kioo kinamwonyesha hesabu. Diski ilisema imeandika kumbukumbu elfu kumi. Zilizopo ni elfu tisa mia saba themanini na nane.

"Mwongo wewe," anaiambia. "Mia mbili na kumi na mbili umezipeleka wapi?"

Anaitoa, anaibandika karatasi nyekundu, anaisogeza pembeni kwa ncha ya kidole kama kitu chenye sumu.

Katika hospitali hii kubwa wenzake humwita Bi Waya. Ana miaka hamsini na moja, na kumi na tisa kati ya hiyo imeishia katika chumba cha seva, chumba kisicho na dirisha, chenye baridi ya nyuzi kumi na saba mwaka mzima. Mafaili ya wagonjwa wote yamo humo.

Wiki hii amepewa kazi ambayo anasema imemkatisha hata hamu ya kula. Anatakiwa kuchagua diski arobaini mpya za SSD, zile zisizo na sahani inayozunguka ndani, zitakazobeba mafaili hayo kwa miaka mitano. Ijumaa lazima atie sahihi.

"Watu wanadhani naogopa mashine," anasema. "Mashine siiogopi. Naogopa sahihi yangu."

Hofu hiyo ilianza Jumanne moja ya mwaka jana.

Diski za seva hufanya kazi mbilimbili. Kinachoandikwa kwenye moja huandikwa papo hapo kwenye mwenzake, ili moja ikifa, nyingine ibaki na kila kitu. Bi Waya alikuwa amezifunga zote mbili siku moja, kutoka boksi moja, namba zake zikifuatana. Aliona huo ndio usafi wa kazi.

"Sikuwaza kwamba vitu vilivyotoka pamoja, vikabeba mzigo uleule kila siku, vitachoka pamoja," anasema, macho yakiwa kwenye mikono yake.

Ya kwanza ilikata roho saa nne asubuhi. Alikimbilia stoo kuchukua nyingine. Kabla hiyo haijamaliza kunakili, dakika arobaini baadaye, ya pili nayo ikazima. Nakala ya akiba ilikuwa ya jana yake. Yote yaliyoandikwa tangu alfajiri yalikwenda.

Ndani ya hayo ulikuwamo mstari mmoja ulioandikwa mapokezi: mgonjwa huyu akichomwa sindano ya dawa fulani, koo linamziba. Muuguzi alifungua faili, akakuta kweupe, akachoma sindano.

Mgonjwa alilala siku tatu katika chumba cha uangalizi maalumu. Alipona, Mungu ni mwema. Ni mfagiaji wa hospitali hiyohiyo, mwanamke wa maneno mengi, ambaye kila asubuhi hupita na ndoo yake mlangoni pa chumba cha seva.

"Shikamoo, Bi Waya! Hujaganda tu humo?"

"Marahaba, mwanangu. Bado."

"Siku ukiganda nitakuanika juani kama dekio!"

Huangua kicheko, akaenda zake. Hakujua ni nani aliyezifunga zile diski. Ripoti ilisema "hitilafu ya mitambo", ikaishia hapo.

"Kila akiniamkia, naitikia nimempa mgongo," anasema Bi Waya. "Mtu anakupa heshima yake, nawe unajua ulichomfanyia."

Ndiyo maana Jumatano alipoitwa na afisa manunuzi, bwana wa simu mbili na haraka nyingi, alikwenda na ile diski ya karatasi nyekundu mfukoni.

"Mama, mimi nimeipenda hii," alisema afisa, akiielekezea kidole diski ileile kwenye orodha yake. "Ina kasi kuliko zote. Unataka nini tena?"

"Kasi ya kwenda wapi, baba? Hii umeme ukikatika inasahau ilichoahidi. Tena imetengenezwa ijazwe mara moja kwa siku tatu, na seva zetu zinaijaza kila siku. Miaka miwili haifiki, tunazika."

"Na hiyo unayoitaka wewe?"

"Inavumilia kujazwa mara tatu kwa siku, miaka mitano. Ina akiba ndogo ya umeme ndani yake, ya kumalizia sentensi iliyokuwa ikiiandika. Nimeikatia umeme mara sitini, haijapoteza hata herufi."

Afisa aliguna. "Haya, tuagize hizo arobaini."

"Si kwa mpigo. Ishirini sasa, ishirini baada ya miezi minne, za toleo jingine."

"Mama! Sasa unataka diski zisijuane?" Afisa alicheka.

"Zisiwe za tumbo moja, baba. Kwa sasa kila mpya itakaa na kuukuu, mpaka mwenzake aje."

Afisa aliacha kucheka. "Na hizo kuukuu zikifa ndani ya hiyo miezi minne?"

Swali hilo Bi Waya analibeba mpaka leo. "Hapo ndipo ninapopiga magoti," anasema.

Ijumaa alitia sahihi.

Alimwomba mwandishi jambo moja tu: habari hii isichapwe kabla hajakwenda nyumbani kwa mfagiaji. Alikwenda Jumapili, baada ya ibada. Akamkuta uani anafua. Alikaribishwa kigoda, akakikataa, akasema yote akiwa amesimama.

Mwanamke wa maneno mengi aliacha kufua.

"Kumbe ni wewe."

"Ni mimi."

"Na nimekuamkia mwaka mzima."

"Mwaka mzima."

Mfagiaji alikamua nguo iliyokuwa mkononi mpaka maji yakaisha. "Hizo mpya nazo zitakufa?"

"Zitakufa, mwanangu. Kila moja ina siku yake. Ninachohangaikia ni zisife pamoja."

"Basi mimi usiniweke humo tu. Niandike na mahali pasipohitaji umeme."

Jumatatu Bi Waya alipeleka ombi kwa wakubwa: kila kitanda kiwe na kadi ngumu, iandikwe kwa mkono dawa zinazomdhuru mgonjwa. Hajajibiwa. Ya kwanza ameiandika mwenyewe, kwa herufi kubwa, na mfagiaji anaivaa shingoni pamoja na kitambulisho chake.

Asubuhi bado anapita na ndoo. Kuamkia, hajaanza tena.

Wiki chache zimepita, na diski ishirini za kwanza zimeshaingia kwenye seva, kila moja ubavuni mwa kuukuu. Simu ya mezani ikilia, Bi Waya anashtuka kabla ya kuipokea.

"Zile za mwisho zikiingia salama, nitakwenda tena kwake," anasema. "Akinikaribisha kigoda, safari hiyo nitakaa."