Shukrani Iliyotangulia Jibu

Chuo kimoja cha uuguzi huko Goma hakikunikubali wala hakikunikataa. Waliniandikia kwenye simu kwamba uamuzi juu yangu umeahirishwa, ningoje jibu la mwisho. Nilimsomea Papa ujumbe huo shambani, tukipalilia maharage kwenye kilima cha juu ya Lushebere.

"Muntu mwenye anakatala anasema hapana," alisema. "Hawa hawakusema hapana. Njo kusema wamekubali."

Kwetu baraka ikiingia nyumbani, familia husimama mbele ya kanisa Jumapili na kutoa shukrani. Wengine husubiri baraka ifike kwanza. Papa wangu hakuwa na subira hiyo. Alitupeleka mbele na kikapu cha maharage na jibini ya ng'ombe wake, akatangaza kwamba binti yake ameingia chuo. Kwaya ikaimba, akina mama wakapiga vigelegele, nami nikacheza na tabasamu la kubandika. Mama alitazama chini muda wote. Ningesema nini? Kumkanusha baba mzazi kanisani ni kujichimbia kaburi.

Tangu siku hiyo kungoja kukawa adhabu. Sokoni Masisi waliniuliza mbona siondoki. Walionipenda walinitania, wasionipenda walinitania zaidi, nami nikadanganya kwamba masomo hayajaanza. Niliitaka shule ile kuliko kitu chochote, na nikaanza kuichukia.

Jibu likaja: nafasi zimejaa. Nililia jikoni mpaka macho yakavimba. Papa hakunipa hata pole. Aliniamuru nifunge nguo zangu niende Walikale kwa shangazi, ambako hakuna mtu wa kanisa letu. Kesho yake nikapanda pikipiki mchana kweupe, majirani wakinipungia mikono na kunitakia masomo mema.

Hapa Walikale nafunga chikwanga, mikate ya muhogo, kwenye majani na kuziuza kando ya barabara ya Kisangani. Huko kwetu mimi ni mwanafunzi, na nasikia nafanya vizuri sana.

Wiki iliyopita Papa alinipigia simu. Mama mmoja jirani yetu alikuwa kando yake. Mtoto wa mama huyo alikuwa na homa kali na alitapika, na Papa alikuwa amemwahidi kwamba mimi nitamsaidia. Mama yule akaniuliza ampe mtoto dawa gani. Nikamwambia amkimbize kituo cha afya leo hii, asingoje. Alinishukuru kwa sauti iliyonyong'onyea, akamrudishia Papa simu.

Papa alisogea mbali naye kwanza. Nilimsikia akihema kwa hasira.

"Hata jina ya dawa moja ulishindwa kutaja? Unanipatisha haya mbele ya watu."

Nikamuuliza kama mtoto anapelekwa kituoni. Akakata simu.