Mtoto Aliyemshinda Madamu Mukakalisa

Madamu Mukakalisa alikuwa amefundisha shule ya watoto wadogo huko Majengo miaka kumi na mmoja, na watu walisema hakuna mtoto anayemshinda. Igihozo alimshinda. Alikuwa na miaka mitatu, binti wa Uwitonze, mkimbizi wa vita kutoka Kalengera. Ukimwita, hageuki. Hakuwahi kunyooshea kitu kidole. Akitaka maji, alishika mkono wa Madamu na kuupeleka kwenye ndoo bila kumtazama usoni.

Baada ya wiki mbili Madamu alimwita mama yake.

"Mama Igihozo, hapa si hospitali. Huyu mutoto mulimulea vibaya."

"Ni mabomu, Madamu. Yalimutisha."

"Basi utamurudisha akijua kuitika."

Uwitonze alimbeba mtoto mgongoni, akarudi naye kambini Kanyaruchinya.

Miaka mitatu baadaye daktari Baharanyi alikuja kuwafundisha walimu.

"Musiseme kila kitu ni vita," aliwaambia. "Mutoto akifikisha mwaka na nusu, hageuki mukimuita, haonyeshi kitu kwa kidole, haangalii mutu machoni, mumulete mapema. Pengine ni otizimu, hali ya ubongo mutoto anazaliwa nayo. Na haitokani na malezi."

Mukakalisa aliweka kalamu chini.

Jumamosi alikwenda Kanyaruchinya. Kambi ilikuwa imevunjwa, lakini Uwitonze alikuwa amebaki, katika kibanda cha mbao juu ya mawe meusi. Madamu alimkuta Igihozo peke yake, amefungwa mguu kwa kitenge kwenye nguzo, ngozi imechubuka. Madamu alikuwa angali anafungua fundo Uwitonze alipotokea na jembe.

"Wacha! Anakimbiaka barabarani, hata gari haiogope. Nikienda kulima, nani atamuchunga? Wewe?"

"Nilikosa, mama. Nilikuambia uongo."

"Nilimupiga juu ya maneno yako," Uwitonze akasema polepole. "Mwaka muzima. Ili aitike."

Madamu alimleta Baharanyi, naye akampima mtoto, akasema bado anaweza kujifunza, ila ingekuwa rahisi zaidi kama angeanza akiwa na miaka mitatu. Mkuu wa shule alikataa kumpokea. Kwa hiyo Mukakalisa hupanda kwenda Kanyaruchinya kila Jumamosi, hukaa chini na Igihozo, akimfundisha kuonyesha anachotaka. Siku nyingine mtoto bado hufungwa.

Uwitonze akimwona anakuja, huchukua jembe lake na kumpita mlangoni bila kumsalimia.